Kikao Kimeamua, Je, Nyumba Yenu Imeamua?



Jioni moja mume na mke walikuja kuniona katika ofisi ya parokia. Wameniruhusu niwasimulie habari yao, mradi nisitaje majina wala mahali. Ni watu wa Kanisa kabisa. Baba ni mwekahazina wa jumuiya yao, na mama yumo katika Chama cha Wanawake Wakatoliki. Waliketi kwenye benchi moja, lakini nafasi iliyokuwa kati yao ingemtosha mtu wa tatu.

Shida yao ilikuwa hii. Ndugu mdogo wa mume alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, akaacha mjane na mabinti watatu. Wazee wa ukoo walikutana, wakaamua kwamba shamba la marehemu ligawanywe kati ya ndugu zake, kwa sababu, kama walivyosema, "marehemu hakuacha mtu." Maana yao ni kwamba hakuacha mtoto wa kiume. Mjane alipewa muda hadi mavuno yaishe, kisha arudi kwao.

Mume huyu alikuwapo kikaoni. Aliporudi nyumbani usiku alimwambia mkewe, "Kikao kimeamua." Mkewe alikuwa akipakua chakula. Alimtazama, akamwuliza swali moja: "Na wewe, Baba Watoto, ulisema nini?"

"Ningesema nini? Wazee kumi na wanane wameshakubaliana. Mimi ni nani?"

"Wewe ndiwe uliyekuwa msimamizi wa ndoa yao," mama akajibu. "Na hicho kipande kitakachokuja kwetu, tutapanda nini juu yake?"

Hapo mume aliwaka hasira. "Unataka nitengwe na ukoo wangu? Nikifa, nani atanizika?"

Kwa wiki mbili hawakuzungumza ila mambo ya ada ya shule na ng'ombe. Ndipo wakaja kwangu, kila mmoja akitumaini kwamba padre atamwambia mwenzake amekosa.

Kuwa na watu ni zawadi

Ndugu msomaji, tusikimbilie kumcheka baba huyu. Swali lake ni zito: "Nikifa, nani atanizika?" Sisi tunajua maana yake. Tunajua ni nani waliokesha nasi kwenye matanga, nani waliochanga hela za hospitali, nani walioleta kuni, sufuria na maji bila kuitwa. Wahenga walisema mtu ni watu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Mungu mwenyewe aliona si vema mtu awe peke yake.

Kanisa letu katika Afrika Mashariki limejengwa juu ya ukweli huo. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa kanda yetu waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi yao ya kichungaji. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake kwa Kanisa la Afrika, alituita Familia ya Mungu. Hakutafuta picha ya mbali. Aliichukua nyumbani kwetu.

Lakini katika waraka huohuo alituonya. Alisema Familia hii ya Mungu lazima ikatae kila namna ya ubaguzi wa kikabila na kujipendelea. Kwa nini atuonye? Kwa sababu kundi lina nguvu mbili. Laweza kumwinua mtu kutoka shimoni, na laweza kumsukuma humo. Watu walewale waliochangia jeneza la marehemu ndio waliokaa kumfukuza mjane wake. Na sisi Wakenya tusisahau miezi ile ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Wengi waliochoma nyumba za majirani wasingeweza kufanya hivyo kila mmoja akiwa peke yake. Walifanya kwa sababu "sisi sote tumesema."

Hapo ndipo hatari ilipo. Ndani ya kundi mtu huona dhambi imegawanywa vipande vidogo vidogo, kama nyama ya karamu, na kila mmoja adhani kipande chake hakina uzito. Mbele ya Mungu haigawanywi hivyo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinatukataza kufuata umati katika kutenda uovu, na katazo hilo halina nafasi ya kusema, "lakini walikuwa wengi."

Chumba kisicho na kikao

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, ulifundisha kwamba dhamiri ni mahali pa siri kabisa ndani ya mtu, patakatifu pake, ambapo yuko peke yake na Mungu na kuisikia sauti yake. Angalieni neno hilo: peke yake. Mwenyekiti wa ukoo haingii humo. Wala mwenyekiti wa chama, wala mwanasiasa wa kwetu, wala mama mkwe. Hata mume au mke wako haingii, ingawa anaweza kubisha hodi mlangoni.

Swali la yule mama, "Na wewe ulisema nini?" lilikuwa hodi ya namna hiyo. Hakumwambia mumewe auache ukoo. Alimkumbusha tu kwamba kabla ya kuwa mwana wa ukoo, yeye ni mtu, na Mungu atamwuliza kwa jina lake.

Siku ya arusi mlisimama mbele ya altare, na padre hakuwauliza wazazi wenu kama wanakubali. Aliwauliza ninyi, mmoja mmoja, kama mmekuja kwa hiari yenu bila kulazimishwa. Kanisa linashikilia jambo hilo kwa nguvu kiasi kwamba ndoa ya kulazimishwa si ndoa. Basi kama mliambiwa mfikiri na kuamua wenyewe siku ya kwanza, nani aliwaambia muache kufikiri siku ya pili? Maneno ya Mwanzo 2:24 juu ya mtu kumwacha baba na mama yake hayamaanishi kuwadharau wazazi. Yanamaanisha kwamba sasa kuna nyumba mpya, nayo itatoa hesabu yake yenyewe.

Wajumbe wawili wa baraza

Wengine hudhani kuna njia mbili tu: kunyamaza pamoja na wote, au kugombana na kuondoka. Injili inatuonyesha njia ya tatu.

Nikodemu alikuwa mmoja wa wakuu wa Wayahudi. Katika Yohane, sura ya 7, wenzake walikuwa wameshamhukumu Yesu mioyoni mwao. Nikodemu hakupiga meza wala hakuwatukana. Aliuliza swali: je, sheria yetu inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza na kujua alilotenda? Ni hilo tu. Walimdhihaki, wakamwuliza kama naye ametoka Galilaya. Yaani, "Kumbe wewe si mwenzetu!" Ndugu, jibu hilo mmelisikia mara ngapi? Kundi likikosa hoja, hutumia uanachama kuwa fimbo.

Wa pili ni Yosefu wa Arimataya. Luka anatuambia kwamba alikuwa mjumbe wa baraza, mtu mwema na wa haki, wala hakukubaliana na shauri lao na tendo lao. Alibaki mjumbe, lakini hakutoa idhini yake. Na mwisho, wale wawili ndio waliouzika mwili wa Bwana. Yule baba aliyeogopa kukosa wa kumzika na atafakari hapo: aliyezikwa kwa heshima siku ile alizikwa na watu wawili waliothubutu kutofautiana na kikao chao.

Je, tukikubaliana mume na mke, imetosha?

Hapa nawaomba msome taratibu. Wapo wanandoa wanaosema, "Sisi hatusikilizi watu, tunaelewana wenyewe." Ni vizuri, lakini haitoshi, kwa sababu mume na mke nao ni kundi. Ni kundi la watu wawili, na laweza kupotea kama makundi mengine.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 5. Anania na Safira waliuza shamba, wakapatana kuficha sehemu ya fedha. Walielewana vizuri sana! Lakini Petro hakuwaita pamoja. Safira alikuja baadaye, peke yake, naye akaulizwa swali lake mwenyewe. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yake. Akaona ni heri aseme alivyosema mumewe, na uaminifu wa namna hiyo ukamwangamiza.

Mama, utii wako kwa mumeo haufiki mpaka kwenye dhambi. Baba, kumpenda mkeo si kukubali kila analoletewa na chama chake. Atakayekupenda kweli atakuuliza swali ambalo wengine wanaogopa kukuuliza.

Mkulima mmoja na mkewe

Kanisa limetupa mfano wa mume na mke waliopita njia hii hadi mwisho. Franz Jägerstätter alikuwa mkulima katika kijiji cha St. Radegund, nchini Austria. Alimwoa Franziska mwaka 1936, wakajaliwa mabinti watatu. Mwaka 1938 Hitler aliitwaa nchi yao, watu wakaitwa kupiga kura ya kukubali. Kijijini kwake Franz alikuwa peke yake aliyepinga. Baadaye, vita vikiwa vimepamba moto, alisadiki kwamba hawezi kupigana vita visivyo vya haki.

Angalieni alivyofanya. Hakujifungia na mawazo yake. Alisoma Maandiko, alisali, aliwaendea mapadre, na hata askofu wake, kuomba ushauri. Wengi walimwambia aifikirie familia yake. Hakulichukia Kanisa kwa sababu hiyo, bali aliendelea kuhudumu sakristiani. Alipoitwa jeshini mwaka 1943 alikwenda na kutamka kwamba hatabeba silaha. Alikubali kuhudumia wagonjwa, lakini hakukubaliwa. Alihukumiwa kifo, akauawa tarehe 9 Agosti 1943, akiwa na umri wa miaka 36.

Na Franziska? Mwanzoni alimsihi asiyahatarishe maisha yake, na nani angemlaumu? Lakini alipoona kila mtu anamshambulia mumewe, hata jamaa, aliacha kumsihi, akasimama upande wake. Baada ya kifo cha Franz, wanakijiji wengi walimlaumu yeye. Alilima, akawalea watoto, akavumilia kwa miaka mingi. Tarehe 26 Oktoba 2007 Franz alitangazwa Mwenye Heri katika kanisa kuu la Linz, na Franziska, akiwa na miaka 94, alikuwapo. Alifariki mwaka 2013 akiwa ametimiza miaka mia moja.

Siwapi mfano huu ili mtafute kuuawa. Nauleta ili mwone kwamba yule aliyesimama peke yake kijijini hakuwa peke yake nyumbani. Wengi wetu tungeweza kuwa na ujasiri zaidi katika vikao, kama tungejua kwamba tukirudi nyumbani tumeshindwa, tutapokewa.

Dhamiri si ukaidi

Lazima niseme na upande wa pili, kwa maana msafara wa mamba na kenge wamo. Wapo wanaoita ukaidi wao dhamiri. Huyu ameacha jumuiya kwa sababu hakuchaguliwa mwenyekiti, kisha anasema, "Mimi nina msimamo wangu." Yule hachangii mazishi ya jirani, anasema yeye hafuati mkumbo. Mwingine nyumbani kwake hapokei shauri la mke wala la mtoto, eti ni mtu wa kujitegemea kimawazo. Huko si kufikiri, ni kiburi kilichovaa kanzu.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini nywele zisipochanwa huwa matata. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba dhamiri yapaswa kulelewa: kwa Neno la Mungu, kwa sala, kwa mafundisho ya Kanisa na kwa ushauri wa watu wenye hekima. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake juu ya upendo katika familia wa mwaka 2016, alitukumbusha sisi wachungaji kwamba kazi yetu ni kuzilea dhamiri za waamini, si kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo hata mimi siwezi kuwaamulia. Ndiyo sababu wale wawili kwenye benchi sikuwapa hukumu. Niliwapa kazi ya nyumbani, nami nawapa ninyi pia.

Fanyeni hivi

Kwanza, zungumzeni kabla ya kikao, si baada yake tu. Mmoja wenu akiitwa na ukoo, chama au kamati, ulizaneni usiku ule: "Jambo gani litaletwa? Sisi tunaonaje? Nani ataumia?" Mtu anayeingia kikaoni bila neno moyoni hutoka na neno la wengine.

Pili, jifunzeni sentensi hii: "Wazee wangu, naomba muda, nikazungumze nyumbani." Wanaume wengi huona haya kuisema, wakiogopa kuitwa watu wanaotawaliwa na wake zao. Lakini Pilato alipokuwa kitini, mkewe alimpelekea ujumbe asijitie katika habari ya yule mwenye haki. Hakumsikiliza mkewe, akausikiliza umati, akanawa mikono. Yupi kati ya hao wawili alimtakia mema?

Tatu, jueni ukweli wa jambo. Yule baba hakujua kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamlinda mjane, wala haitofautishi binti na mvulana katika watoto wa marehemu. Hakujua kwamba kifungu cha 45 kinafanya kuwa kosa kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60, inataka mila zinazobagua wanawake katika mambo ya ardhi ziondolewe. Dhamiri isiyojua ukweli ni kama taa isiyo na mafuta.

Nne, uliza swali kwa heshima. Kuuliza si ujinga. Mwendee kwanza mzee mmoja unayemwamini, faraghani. Mara nyingi utakuta naye alikuwa akingoja mtu wa kuanza.

Tano, kubalianeni mapema juu ya gharama. Huenda mkanyimwa salamu. Huenda mkaondolewa uongozini. Msije mkalaumiana siku hiyo kwa kusema, "Si nilikwambia?"

Yaliyofuata

Yule baba na mama walirudi kwangu baada ya miezi mitatu. Baba alikuwa amemwendea mjomba wake mkubwa, na mjomba akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hata mimi sikulala usiku ule." Kikao kiliitwa tena. Baba alisimama, magoti yakimtetemeka, kama alivyoniambia, akauliza swali moja: "Wazee wangu, siku ya arusi ya ndugu yangu tulikula wote, tukamwita huyu mama binti yetu. Je, ni lini alipoacha kuwa binti yetu?" Kisha akaeleza sheria, na akasema wazi kwamba yeye hatapokea hicho kipande cha shamba.

Si wote waliofurahi. Kaka yake mmoja hamsalimii mpaka leo, na kazi ya kutunza fedha za ukoo amepewa mtu mwingine. Lakini mjane yule bado analima shamba lake, na mabinti wako shuleni. "Na kuhusu kuzikwa?" nikamwuliza. Alicheka kidogo. "Padre, mama watoto ameniambia atanizika yeye." Nikaona kwamba safari hii, kwenye benchi, hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Wapendwa, ukoo wenu, chama chenu na jumuiya yenu vinawahitaji. Msiviache, lakini msivipelekee miguu tu mkaacha vichwa nyumbani. Mtu anayekipenda kikao chake hakiachi kitende dhambi kwa kukosa mtu wa kuuliza.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

Ni lini mara ya mwisho mmoja wetu alinyamaza kikaoni, na moyo ukamsuta? Je, katika nyumba yetu mtu anaweza kusema "sikubali" bila kuogopa? Yuko nani anayeumizwa leo na uamuzi ambao sisi tuliuunga mkono kwa kukaa kimya?

Tusali

Ee Bwana, umetupa watu wa kutupenda, na dhamiri ya kukusikia. Utujalie tusiwaache watu wetu, wala tusikuache wewe kwa ajili yao. Utupe sisi wanandoa moyo wa kuulizana kwa upendo, na ujasiri wa kusimama pamoja pale tutakapobaki wawili. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.